Buluu Kabla ya Mwezi Mweupe

22 Desemba

Leo imeingia tisa ya kwanza. Siku themanini na moja za baridi, tisa mara tisa, na Baba naye ana miaka themanini na moja. Ameliona hilo kabla yangu, akalisema kwenye chai kana kwamba ni mimi niliyelipanga.

"Jamyan, mwaka huu mimi na baridi tuko sare. Tuone nani atamaliza kwanza."

"Kunywa chai, Baba."

"Nakunywa. Wewe kapake rangi hilo gari."

Daftari hili nimelinunua niandike joto la karakana, nijue siku gani rangi itashika. Haya basi. Nje hasi 29. Ndani, jiko likiwaka tangu alfajiri, 6. Rangi inataka 18. Mengine yote ni porojo.

24 Desemba

Nje hasi 31. Ndani 7. Nimepiga msasa mlango wa kushoto mpaka vidole vimekufa ganzi.

27 Desemba

Nimechoka kuandika namba peke yake. Nitaandika na ya moyoni, maana hapa nyumbani hakuna wa kumwambia. Mke wangu Uyanga akisikia neno "rangi" anainuka anakwenda kuosha vyombo.

Gari lenyewe ni lile la Kirusi, la milima, la Baba. Kwa hakika si la Baba, ni la kaka yake, Baba Mkubwa Sodnom, anayeishi Gobi na mifugo yake. Baba aliliazima miaka thelathini na minane iliyopita, akaja nalo mjini, hakulirudisha. Likiwa buluu, safi. Mimi nikiwa na miaka kumi na tisa nikaliiba kwenda kumringia msichana, nikalipindua mtoni. Tangu siku hiyo lilikaa nyuma ya nyumba chini ya turubai, na ndugu hao wawili hawajaonana tangu lilipoazimwa.

Sasa Baba ametamka. Siku ya kwanza ya Mwezi Mweupe, tarehe 16 Februari, anataka kufika kwa kaka yake na gari hilo, likiwa buluu kama alivyolichukua. Amshike viwiko, amsalimu kama mdogo anavyomsalimu mkubwa siku ya mwaka mpya, na ugomvi uishe. Baba Mkubwa ana miaka themanini na minane. Hakuna atakayehesabu mwaka mwingine kati yao.

Bati nimeshachomelea, injini inawaka. Imebaki rangi. Na gari lenye viraka haliingii nyumba ya mtu siku ya Mwezi Mweupe. Ni kumletea mkosi.

"Ulilipindua wewe," aliniambia, "utalipaka wewe."

Miaka thelathini napaka magari ya watu na hajawahi kusema hata moja ni zuri. "Kupaka rangi," husema, "ni kulidanganya bati." Asante, Baba.

31 Desemba

Tisa ya pili. Nje hasi 33. Ndani 9. Makaa gunia zima limekwenda kwa siku moja.

4 Januari

Ganzorig amekuja. Tulijifunza kazi pamoja, yeye sasa ana karakana kubwa mjini yenye chumba cha kupulizia rangi kinachopashwa joto kwa mashine. Unavaa fulana ndani huku nje mbwa wanaganda. Alisimama mlangoni kwangu na koti lake la ngozi, akatazama jiko langu, akacheka.

"Kaka, hapa unapaka rangi au unakausha nyama?"

"Nacheza na moto."

"Utachezewa nao. Nikipata nafasi nitakupigia."

"Usijisumbue," nikasema. Kiburi hiki sijui nimekitoa wapi. Ninajua sana nimekitoa wapi, amelala chumba cha pili.

9 Januari

Tisa ya tatu, ile ambayo wazee husema pembe za fahali hupasuka. Nje hasi 38. Kesho napuliza, liwalo na liwe.

11 Januari

Naandika kwa mkono wa kushoto. Anayesoma anisamehe.

Utaratibu kila fundi wa mtaa huu anaujua. Unawasha jiko siku mbili mpaka bati lenyewe lipate joto, si hewa tu. Kisha unatoa moto wote nje kwa ndoo, unamwaga maji sakafuni kutuliza vumbi, unapuliza rangi haraka kabla joto halijakimbia. Mvuke wa thina ya kulainishia rangi na moto havikai chumba kimoja.

Nilitoa makaa ndoo tatu. Chini kabisa vikabaki vipande viwili vitatu vyekundu, vimeng'ang'ania wavu. Mtu wa nchi nyingine angemimina kikombe cha maji, yakaisha. Mimi ni mtoto wa mama yangu. Moto haumwagiwi maji, hautemewi mate, hauelekezewi kisu. Niliyajua hayo kabla sijajua kufunga kifungo cha shati. Na jiko lile ni la Mama, ndilo alilowashia moto siku nilipozaliwa. Nikavifunika kwa majivu, nikauomba radhi, nikafunga kimlango. Nikaamini.

Nilikuwa nimemaliza paa na ubavu mmoja. Buluu ilikuwa inakaa vizuri, jamani, ilikuwa inakaa vizuri! Kisha nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayepiga pafu la sigara, na chumba chote kikawaka mara moja kikazima. Nyusi sina. Mkono wa kulia una malengelenge hadi kiwiko. Rangi imevimba na kuchunika paa zima.

Uyanga alinipaka mafuta, machozi yanamtoka. Baba alijikongoja na fimbo hadi jikoni, akanitazama.

"Moto haukukosea," akasema.

"Sijasema umekosea."

"Hilo jiko usiliwashe tena humo."

"Sasa nitapasha joto na nini? Na ulimi wako?"

Akarudi chumbani kwake. Nilijuta kabla mlango haujafungwa, lakini sikumfuata.

14 Januari

Hasi 36. Mkono unanuka. Sifanyi kitu.

18 Januari

Tisa ya nne. Nimekwangua rangi yote iliyoungua, kwa mkono wa kushoto. Bati limebaki uchi. Nilijaribu hita mbili za umeme. Taa za mtaa mzima zikazimika, na jirani akanitukania ukoo wangu kwa mpangilio, kuanzia babu. Sikumlaumu.

21 Januari

Ganzorig amepiga simu. Mtu mmoja ameahirisha gari lake, chumba chake kiko wazi siku moja tu, keshokutwa, tarehe 23. Kabla ya sikukuu hakuna nafasi nyingine. Nitapuliza mwenyewe kwa mkono wangu, yeye anatoa joto tu.

Tarehe 23 ni Jumanne.

Nilimwambia Baba. Akachukua kalenda yake ya siku njema na mbaya, akavaa miwani, akaisoma kwa kidole. Jumanne huanzi safari, na hukitoi nyumbani kitu cha sikukuu. Tena Jumanne hii imeandikwa mbaya mara mbili.

"Si safari, Baba. Ni kilomita tisa."

"Gari linatoka nyumbani, linaanza njia ya kwa kaka yangu. Unataka lianze Jumanne?"

Ningeweza kubisha. Lakini moyoni nilifurahi, ndiyo ukweli, maana sikutaka kwenda kusimama kwenye joto la Ganzorig na nyusi zilizoungua, vijana wake wakinitazama. Nikasema, "Sawa, umesema kweli." Uyanga akatupa mwiko kwenye sufuria.

"Wanaume wawili wazima," akasema, "mna vichwa viwili na akili hakuna hata moja."

Tangu nizaliwe sijawahi kukubaliana na Baba. Leo tumekubaliana, na tumekubaliana upuuzi.

23 Januari

Jumanne. Siku nzima hakuna baya lililotokea popote.

25 Januari

Baba ameniita. Nilidhani ataanza tena. Alikuwa ameketi kitandani, mgongo kwenye ukuta wa joto.

Ukuta huo aliujenga mwenyewe tulipohamia hapa. Kitako cha moto kiko ukumbini, mimi ndiye ninayekilisha makaa. Moshi wa moto unapita ndani ya matofali na kutoka juu, na ukuta ndio unaopasha. Una njia mbili za moshi: moja upande wa chumba chake, nyingine upande wa karakana. Kibati cha kugeuzia moshi kiko kwake, kando ya kitanda. Miaka mingi amekifunga upande wangu, eti nampotezea makaa.

"Nitakifungua nusu," akasema. "Nusu yangu, nusu yako. Moto unabaki ukumbini, kwako linakuja joto tupu."

Nikasema asante. Nilipoinuka akaniambia nikae.

"Unajua kwa nini kaka yangu hasemi na mimi?"

"Kwa ajili ya gari."

"Gari!" Akacheka, akakohoa. "Ilikuwa ile baridi kubwa, theluji imefunga malisho. Wanyama wanakufa wamesimama. Sodnom akanipa gari nikalete majani makavu kutoka wilayani. Mama yako alikuwa mgonjwa, nawe unamkumbuka. Nikawapakia ninyi nikaja mjini hospitali. Nikasema nitarudi kesho. Mama yako akafa. Sikurudi kesho, sikurudi mwezi ule. Sodnom alipoteza kondoo mia tatu, wote. Akawachuna peke yake mpaka masika."

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nakumbuka nilivyolala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Mama. Sikujua tulikuwa tumelalia nafasi ya majani ya kondoo wa mtu.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba mke wangu alikufa hata hivyo?"

Maisha yangu yote nimemwona mtu huyu kama jiwe nililofungwa mguuni. Leo nimeona mzee tu, ameaibika hadi kwenye mifupa, na anangoja rangi.

27 Januari

Tisa ya tano. Wanasema sasa wali uliopikwa haugandi tena. Wangejaribu kwenye karakana yangu. Kibati nusu: kwangu 11, kwake 16. Haitoshi.

30 Januari

11. Nilipuliza kipande kidogo cha kujaribia. Kikafanya ukungu mweupe, kikabaki laini kama siagi. Zimebaki siku kumi na saba, na rangi ikishapulizwa inataka joto siku tatu mfululizo la sivyo inabanduka. Nimekaa juu ya ndoo nikalia. Mtu wa miaka hamsini na miwili, sina nyusi, nalia juu ya ndoo ya puti ya kuzibia bati.

31 Januari

Uyanga amekwenda kwa dada yake kukunja maandazi ya nyama ya sikukuu. Elfu mbili, wanawake sita, siku nne. Kabla hajatoka alimwambia Baba, "Mkwe, huyu akikunyima chai nipigie." Baba akamwambia, "Nenda mwanangu, sisi ni watu wazima." Alikuwa na uso mwepesi sana. Sikumuuliza kwa nini.

1 Februari

Asubuhi nimeingia karakana, kipimajoto kinasema 19.

Nikakigonga kwa kucha. 19. Nikaweka kiganja ukutani. Ulikuwa wa moto hata sikuweza kuhesabu hadi tano. Nje hasi 30.

Nilisimama pale, niseme kweli, muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai. Makaa ni yale yale, moto ni ule ule. Nikasema labda gunia hili jipya lina makaa mazuri. Nilisema kwa sauti, kama kuna mtu ananiuliza. Kutoka karakana hadi mlango wa Baba ni hatua kumi na mbili. Ningeweza kuzunguka nikaweke mkono upande wake wa ukuta.

Sikuzunguka. Naandika hivi nisije nikasema baadaye kwamba sikuwaza.

Nikachanganya rangi, nikafunga mdomo na pua, nikapuliza. Tabaka tatu za buluu, mbili za vanishi. Mkono wangu uliokuwa unanuka ulipita sawasawa. Sijawahi kupaka hivi.

2 Februari

19. Baba siingii kwake nikiwa na nguo za rangi, ndiyo sheria yake, mapafu yake ni mabovu. Naacha chupa ya chai na bakuli mlangoni, nagonga.

"Baba, joto lipo huko?"

"Lipo. Ondoka na uvundo wako."

"Kweli lipo?"

"Jamyan, limeshika?"

"Linashika."

"Basi niache nilale."

3 Februari

19. Chupa ya chai nimeikuta mlangoni haijaguswa. Nikaweka nyingine.

4 Februari

Uyanga amerudi mchana na masanduku ya maandazi. Akaenda moja kwa moja kumsalimu mkwewe. Nikasikia akipiga kelele. Sikuhitaji kuambiwa ni nini.

Baba alikuwa kitandani na koti lake la ngozi ya kondoo, kofia, viatu. Bilauri ya maji kando yake ina utando wa barafu. Kibati kimegeuzwa chote upande wangu, na mkono wake ulikuwa juu yake. Pumzi inakoroma.

"Imeshika?" akaniuliza.

"Imeshika, Baba."

"Hakuna vishimo?"

"Mlango wa nyuma una kimoja."

"Mjinga," akasema, na akatabasamu. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake. Nikakigeuza kile kibati, nikawa nalia tu, na Uyanga ananipiga mgongoni kwa ngumi. "Ulijua! Ulikuwa humu humu! Ulijua!"

5 Februari

Gari la wagonjwa tuliloliita jana limekuja asubuhi. Nilikimbia nikafungua milango yote miwili ya karakana, alione gari wakimpitisha. Joto la ndani likakutana na baridi ya nje, ukungu mweupe ukajaa mlangoni kote. Wale vijana hawakusimama. Hakuona kitu.

7 Februari

Mapafu yote mawili. Daktari ni binti mdogo, ananiita "baba", ananiuliza nyumbani kuna joto la kutosha. Nikasema lipo.

8 Februari

Baba amefariki saa nne asubuhi.

11 Februari

Tumemzika jana, siku aliyoichagua lama, kuhani wetu. Upepo. Watu kumi na mmoja.

13 Februari

Lama amesema, na sote tulijua: siku arobaini na tisa hatusherehekei, hatuendi nyumba za watu, na hatumsalimu mtu salamu ya mwaka mpya. Hatushikani viwiko. Mikono ya wafiwa inakaa chini. Maandazi elfu moja yetu Uyanga amempa jirani, yule yule wa matusi. Alipokea kwa mikono miwili, akalia.

Namba ya simu ya mjukuu wa Baba Mkubwa ninayo. Nimeibonyeza mara nne, nikaikata mara nne.

15 Februari

Nakwenda. Uyanga amesema si vizuri, kisha akanifungia mkate na nyama.

17 Februari

Nilifika jana alasiri. Gari halikunisumbua hata mara moja. Kuna theluji kidogo tu kusini huko, na ile buluu ilionekana tangu mbali, maana nilipokuwa bado kilimani nilimwona mtu akitoka kwenye hema na kusimama.

Nilisimamisha gari mbali kidogo na hema, nikashuka. Baba Mkubwa alikuwa amevaa joho lake la sikukuu, la kahawia, na mkanda wa hariri. Amekuwa mdogo wa mwili kuliko Baba. Alinitazama, akalitazama gari, akatafuta mtu kwenye kiti cha abiria kwa macho. Binti yake, dada yangu Nergui, alikuwa amemshika bega.

"Wewe ni Jamyan," akasema.

"Ndimi, Baba Mkubwa."

Akanyoosha mikono yote miwili, viganja chini, ili mimi nipitishe yangu chini yake nimshike viwiko. Mimi nikasimama na yangu pembeni.

"Vipi, hunishiki? Na wewe umerithi ugomvi?"

Niliiacha mikono yangu chini. Aliingoja. Kisha macho yake yakashuka polepole hadi kwenye mikono yangu, yakakaa hapo, na Nergui akasema, "Uwii, baba." Baba Mkubwa akaishusha yake, mmoja baada ya mwingine.

"Lini?"

"Tarehe nane."

"Alikuwa anakuja?"

"Alikuwa anakuja. Kukusalimu. Na gari."

"Alisema hivyo yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Na ya wale kondoo aliniambia. Na majani, na Mama."

Akalisogelea gari kwa fimbo, akavua glavu, akaweka kiganja juu ya boneti. Akakipitisha hadi kwenye taa, akarudi. Fundi mwenzangu hangekagua vile.

"Ndiyo rangi yenyewe," akasema. "Katikati ya baridi hii, joto la kupakia umelitoa wapi?"

Ningeweza kusema chochote. Nikamwambia. Ukuta, njia mbili za moshi, kibati, kipimajoto 19, kiganja changu ukutani, hatua kumi na mbili. Nilimwambia sikuzunguka. Nergui alikuwa amefunika mdomo kwa ukosi wa joho lake.

"Kwa hiyo ulijua," akasema Baba Mkubwa.

"Nilijua."

Nilingoja anifukuze, au anipige na ile fimbo. Nilitaka anipige.

"Habari za mke wake kufa nilizipata mwezi ule ule," akasema, akiwa bado analitazama gari. "Dereva mmoja wa lori aliniambia, na akaniambia na nyumba aliyohamia, mlima gani, mtaa gani. Miaka thelathini na minane najua nyumba yake ilipo, na sikwenda."

Mikono yangu ilikuwa chini na yake ilikuwa chini, tukasimama hivyo kando ya gari, mpaka Nergui akasema baridi itamuua na yeye, akamshika akamwingiza ndani.

Mimi sikuingia, kwa kuwa ni sikukuu na mimi ni mfiwa. Nililala ndani ya gari.